Nani Yuko Ndani ya Kompyuta ya Biashara Yako Saa Hii? Jinsi ya Kuweka PsLoggedOn

Hebu chukulia hivi. Una duka la jumla lenye kompyuta tatu: moja kaunta, moja ofisini kwako, moja stoo. Zote zimeunganishwa kwa waifai moja. Wateja wanalipa kwa till, na wewe unalipa wauzaji wako kupitia akaunti ya biashara, unayoifungua kwa brauza.

Jioni unapiga hesabu. Kwenye taarifa ya miamala unaona Sh18,500 zilitoka saa saba na dakika arobaini mchana, kwenda kwa namba usiyoijua. Saa hiyo ulikuwa umetoka kwenda benki. Unawaita wafanyakazi.

"Nani alikuwa kwa kompyuta ya ofisi saa saba?"

"Mimi nilikuwa kaunta, Mama," anasema karani.

"Mimi nilikuwa stoo napokea mzigo, Mama," anasema kijana wa stoo.

Kimya. Sasa utamshuku nani? Mara nyingi lawama humwangukia aliye mgeni kazini, au mdogo kuliko wote. Anaweza kufutwa kazi kwa kosa ambalo si lake, na aliyelifanya akabaki hapo hapo akingoja siku nyingine.

Leo tunaongea kuhusu programu ndogo ya bure inayojibu swali moja tu: nani ameingia kwenye kompyuta hii saa hii, na nani ameifikia kupitia mtandao wa ofisi? Inaitwa PsLoggedOn. Tutaeleza jinsi ya kuiweka na kuisoma, halafu tutasema wazi mambo ambayo haiwezi kukuonyesha. Sehemu hiyo ya mwisho usiiruke. Ukiielewa vibaya, programu hii inaweza kukufanya umlaumu mtu asiye na hatia.

PsLoggedOn ni nini?

Ni programu ya Windows iliyo ndani ya mkoba wa zana unaoitwa PsTools. Mkoba huo uliandikwa na Mark Russinovich, mmoja wa waanzilishi wa Sysinternals. Mwaka 2006 Microsoft waliinunua kampuni yake, na tangu hapo zana hizo hupatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe. Mafundi wengi wa kompyuta wanazijua.

Inafanya kazi namna gani? Kila mtumiaji anapoingia Windows, kompyuta hupakia mipangilio yake kwenye daftari lake la ndani linaloitwa rejista. PsLoggedOn husoma daftari hilo, ikaona mipangilio ya nani imepakiwa, kisha ikakupa majina. Baada ya hapo huiuliza Windows swali la pili: kuna mtu kutoka kompyuta nyingine aliyefungua folda au printa iliyoshirikishwa hapa?

Kwa hivyo majibu huja mafungu mawili: walioingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na waliofika kupitia mtandao.

Windows pia ina amri yake ya kuonyesha walioingia, inaitwa `query user`. Shida ni kwamba kwa kawaida haipatikani kwenye Windows Home, na kompyuta nyingi za madukani zina Home. Ndiyo maana PsLoggedOn inafaa.

Kabla ya yote: kila mtu awe na akaunti yake

Tuwe wakweli. Katika biashara nyingi ndogo, kompyuta ina akaunti moja tu, pengine inaitwa "Ofisi" au "User". Nenosiri limeandikwa kwa karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Kila mtu anaingia kwa jina hilo.

Kama ndivyo ilivyo kwako, PsLoggedOn itakuambia "Ofisi ameingia." Basi. Haiwezi kujua ni vidole vya nani vilivyokuwa kwenye kibodi. Programu hii inajua majina uliyoyatengeneza wewe, haizijui sura za watu.

Kwa hivyo anza hapa:

1. Fungua Settings, kisha Accounts, kisha Other users. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo huitwa Family & other users.
2. Tengenezea kila mfanyakazi akaunti yake, na nenosiri ambalo yeye pekee analijua.
3. Aina ya akaunti iwe Standard User. Ile ya Administrator ibaki kwako, na usiitumie kwa kazi za kila siku.
4. Tumia majina ya watu, usitumie vyeo. Karani wa leo si karani wa mwaka ujao. Katika makala haya tutaandika "karani" na "stoo" ili usomaji uwe rahisi tu.
5. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Fundisha pia tabia moja: mtu akiinuka kwenda chai, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Skrini inajifunga. Ni sekunde moja tu, lakini inazuia mengi.

Hatua za kuweka PsLoggedOn

Utahitaji kama dakika kumi na kompyuta yenye intaneti.

*Hatua ya 1: Pakua kutoka mahali sahihi.* Tafuta ukurasa wa Sysinternals ndani ya tovuti ya Microsoft, kisha pakua PsTools. Angalia anwani iliyo juu ya brauza: iwe inaishia na microsoft.com kabla ya mkwaju wa kwanza. Usipakue kutoka tovuti nyingine yoyote, hata kama imetokea ya kwanza ulipotafuta. Usikubali kutumiwa faili na mtu kwa WhatsApp, hata akiwa ni fundi unayemwamini, kwa sababu simu yake nayo inaweza kuwa imeingiliwa.

*Hatua ya 2: Fungua faili ya zip.* Tengeneza folda kwenye diski C na uiite Zana. Bofya faili uliyopakua kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Extract All, kisha uelekeze kwenye C:\Zana. Utaona programu nyingi. Tunayotaka ni psloggedon64.exe kwa kompyuta za kisasa, au psloggedon.exe kwa kompyuta za zamani.

*Hatua ya 3: Hakikisha ni ya kweli.* Bofya psloggedon64.exe kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Digital Signatures. Unatakiwa kuona sahihi ya Microsoft Corporation. Kama sehemu hiyo haipo, au jina ni lingine, futa faili hiyo na uanze upya. Usibahatishe.

*Hatua ya 4: Antivirasi ikipiga kelele.* Zana za PsTools zinaweza kufanya kazi kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao, na wahalifu nao wamewahi kuzitumia. Kwa hivyo baadhi ya antivirasi hutoa onyo. Kama faili imetoka kwa Microsoft na sahihi ipo, onyo hilo halimaanishi una virusi. Kama hukuthibitisha hayo mawili, lichukulie onyo kwa uzito. Na usizime antivirasi yako kabisa kwa sababu ya programu moja. Ruhusu faili hiyo moja tu.

*Hatua ya 5: Fungua dirisha la amri.* Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha kwenye Command Prompt uchague Run as administrator. Weka nenosiri la msimamizi ukiulizwa.

*Hatua ya 6: Ingia kwenye folda.* Andika:

`cd C:\Zana`

kisha bonyeza Enter.

*Hatua ya 7: Iendeshe.* Andika:

`psloggedon64`

Mara ya kwanza utaonyeshwa masharti ya matumizi. Soma, kisha ukubali. Ni hivyo tu. PsLoggedOn haisakinishwi kama programu nyingine. Inakaa kwenye folda yake na inafanya kazi pale unapoiita. Ukichoka nayo, unaifuta folda.

Kusoma majibu

Tuseme umeiendesha kwenye kompyuta ya ofisi. Utaona kitu kama hiki:

```
Users logged on locally:
     5/14/2025 8:02:11 AM       OFISI\mama
     5/14/2025 1:31:40 PM       OFISI\karani

No one is logged on via resource shares.
```

Sehemu ya kwanza inaorodhesha walioingia kwenye kompyuta yenyewe. Kabla ya mkwaju wa nyuma ni jina la kompyuta, baada yake ni jina la mtumiaji. Sehemu ya pili inasema hakuna aliyefika kupitia folda au printa zilizoshirikishwa.

Sasa makini na mambo manne:

Saa. 8:02 AM ni saa mbili na dakika mbili asubuhi. 1:31 PM ni saa saba na dakika thelathini na moja mchana. Usichanganye saa ya Kiswahili na ya kompyuta wakati unalinganisha na taarifa ya miamala. Angalia pia kwamba saa ya kompyuta iko sawa. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ya ndani imekufa inaweza kuwa nyuma kwa masaa au hata miaka, na ushahidi wako wote ukaharibika.

Tarehe. Kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Marekani, ambapo mwezi hutangulia siku. 5/4 hapo ni Mei 4, wala si Aprili 5.

Watu wawili kwa pamoja. Kwenye mfano huu, mama na karani wote wameonekana. Si kwamba wamekalia kiti kimoja. Mama aliingia asubuhi, akaondoka bila kutoka kwenye akaunti, na karani akaingia kwa jina lake juu ya hapo. Akaunti ya mama bado iko wazi kwa ndani. Anayefunga skrini bila kutoka naye ataendelea kuonekana kwenye orodha.

Jina kuonekana si hatia. Majibu haya yanasema mipangilio ya karani imepakiwa. Hayasemi karani alifungua akaunti ya pesa, wala kwamba ni yeye mwenyewe aliyekaa pale. Inawezekana karani alifungua kompyuta, akaitwa kaunta, akaiacha wazi, na mtu mwingine akapita.

Ukitaka kuona walioingia moja kwa moja pekee, ongeza herufi l ndogo:

`psloggedon64 -l`

Kuuliza kompyuta nyingine bila kuinuka

Ili kuuliza kompyuta ya stoo ukiwa ofisini, unahitaji kujua jina lake. Ukiwa stoo, fungua dirisha la amri, uandike `hostname`. Tuseme jibu ni STOO. Ukirudi ofisini, unaandika:

`psloggedon64 \\STOO`

Unaweza pia kuandika jina la mtu badala ya kompyuta, kwa mfano `psloggedon64 karani`. Hapo programu itazunguka kompyuta inazoziona kwenye mtandao wenu na kukuambia kama jina hilo limeingia mahali.

Lakini uliza kwanza kama kweli unahitaji njia hii, maana ina masharti:

- Kompyuta unayoiuliza lazima iwe na huduma inayoitwa Remote Registry ikiwa imewashwa. Kwenye Windows za siku hizi huja imezimwa, na kwa sababu nzuri: inaruhusu rejista kusomwa kutoka mbali.
- Ukuta wa moto wa kompyuta hiyo lazima uruhusu File and Printer Sharing.
- Lazima uwe na haki za msimamizi kwenye kompyuta hiyo pia. Katika ofisi ndogo isiyo na seva kuu, Windows hupunguza kwa makusudi nguvu za msimamizi anayekuja kupitia mtandao. Kwa hivyo unaweza kukataliwa hata ukiwa na nenosiri sahihi.

Ukitafuta mtandaoni utapata watu wanaokufundisha kuondoa kinga hiyo ya mwisho. Ushauri wetu: usifanye hivyo kwenye kompyuta inayotumika kwa pesa. Mlango unaofungua ili wewe uchungulie ndio huo huo ambao mwingine ataupitia.

Kwa duka lenye kompyuta mbili au tatu, njia salama ni kuweka folda ya Zana kwenye kila kompyuta, na kwenda pale kuiendesha. Ni hatua chache za miguu. Kama ni shule, Sacco au kampuni yenye kompyuta nyingi, mwachie fundi wa mtandao akuwekee utaratibu kamili. Na kama umewasha Remote Registry kwa ukaguzi wa siku moja, izime ukimaliza. Usiiwashe kamwe kwenye kompyuta inayotumia waifai ya wateja.

Jambo moja la kukutoa wasiwasi: ukiuliza kompyuta nyingine, utaona jina lako mwenyewe kwenye sehemu ya waliofika kupitia mtandao. Huyo si mwizi. Ni wewe. PsLoggedOn ilibidi iingie kwa jina lako ili isome.

Na ukiona maneno "Unable to query resource logons", kwa kawaida ni kwamba hukufungua dirisha la amri kama msimamizi. Rudi hatua ya 5.

Mambo ambayo PsLoggedOn haiwezi kukuonyesha

*Haioni jana.* Inaonyesha saa hii tu. Kama pesa zilitoka saa saba na wewe umeiendesha saa kumi na mbili, huenda aliyekuwepo ameshatoka. Kwa historia, fungua Event Viewer, kisha Windows Logs, kisha Security. Tafuta namba hizi:

- 4624: mtu ameingia.
- 4625: mtu amejaribu kuingia akakosea.
- 4647: mtumiaji ametoka mwenyewe.

Ukifungua tukio la 4624 utaona kitu kinaitwa Logon Type. Namba 2 ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Namba 3 ni kupitia mtandao, kama kufungua folda. Namba 7 ni mtu aliyefungua skrini iliyokuwa imejifunga. Namba 10 ni aliyeingia kutoka mbali kwa Remote Desktop. Utaona pia matukio mengi ya namba 5, ambayo ni huduma za Windows zenyewe, hayo yaache. Kumbuka daftari hili likijaa, Windows hufuta ya zamani ili kuandika mapya. Kwa hivyo ukishuku jambo, angalia mapema.

*Haioni ndani ya akaunti yako ya malipo.* PsLoggedOn inajua nani ameingia Windows. Haijui nani ameingia kwenye akaunti ya biashara, wala alituma ngapi. Hayo yako kwenye taarifa ya miamala. Kazi yako ni kuweka karatasi hizo mbili pamoja: muda wa muamala huku, na muda wa kuingia kompyuta kule.

*Haioni simu.* Kama laini ya biashara iko kwa simu inayozunguka dukani na PIN inajulikana na wote, kompyuta haina la kusema.

*Haimwoni anayeshika kompyuta kutoka mbali kwa programu kama AnyDesk au TeamViewer.* Hapa ndipo wengi huchezwa. Mtu akikupigia simu akajifanya wa huduma kwa wateja, akakuelekeza uweke programu ya namna hiyo na umsomee namba iliyo kwenye skrini, yeye huitumia akaunti yako iliyo wazi tayari. PsLoggedOn itaonyesha jina lako peke yako, kana kwamba ni wewe uliyefanya yote. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia akuombe PIN, nenosiri, namba ya siri ya mara moja, au akuombe uweke programu ya kushika kompyuta yako. Akikuomba, kata simu.

*Haisaidii kama brauza imehifadhi nenosiri.* Ukiwa umekubali brauza ikumbuke nenosiri la akaunti ya biashara, yeyote atakayekalia akaunti yako ya Windows anaingia bila kuulizwa. Futa manenosiri hayo leo.

Rudi kwenye zile Sh18,500

Tuseme kila mtu alikuwa na akaunti yake. Mama anafungua Event Viewer ya kompyuta ya ofisi. Karani aliingia kwa jina lake saa saba na dakika thelathini na moja. Muamala ni saa saba na dakika arobaini. Kesi imekwisha?

Bado. Mama anaangalia tena, safari hii kwa utulivu. Kati ya muda huo na muamala kuna tukio lingine la 4624, aina ya 7, saa saba na dakika thelathini na nane. Skrini iliyokuwa imejifunga ilifunguliwa kwa akaunti ya mama mwenyewe. Mama alikuwa benki. Kwa hivyo kuna mtu anayejua nenosiri la mama, na akaunti ya malipo ilikuwa imehifadhiwa kwenye brauza yake.

Kidole sasa hakimwelekei karani peke yake. Swali limebadilika: nani anajua nenosiri langu? Pengine ni karani, pengine ni kijana wa stoo, pengine ni yule jamaa aliyekuja kutengeneza printa mwezi uliopita akaambiwa nenosiri kwa sauti mbele ya watu wote. Kumbukumbu za kompyuta hazikumtaja mwizi, lakini zimemzuia mama kumfukuza mtu kwa kubahatisha, na zimemwonyesha pale alipouacha mlango wazi.

Mama afanye nini sasa? Kwa mpangilio huu:

1. Apige simu huduma kwa wateja mara moja na kuripoti muamala. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Atumie namba rasmi, asitumie namba iliyotumwa kwa ujumbe.
2. Abadilishe nenosiri la akaunti ya biashara na PIN, kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama.
3. Abadilishe nenosiri la Windows kwenye kompyuta zote.
4. Asifute chochote kwenye kompyuta ile. Apige picha za skrini za matukio, na ahifadhi taarifa ya miamala.
5. Aripoti polisi na kupewa namba ya OB.

Mipaka ya sheria

Endesha PsLoggedOn kwenye kompyuta zako, au zile ulizopewa ruhusa ya kuzisimamia. Usiijaribu kwenye saiba, hotelini, au ofisi ya jirani aliyekupa waifai. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kwa wafanyakazi wako, waambie. Jina la mtu na saa alizoingia kompyuta ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe wazi kuhusu taarifa unazokusanya na sababu yake. Huhitaji mkutano mkubwa. Sema tu: "Kuanzia Jumatatu kila mtu ataingia kwa jina lake. Tunaweka kumbukumbu za nani ameingia saa ngapi, kwa sababu ya usalama wa pesa. Msipeane nenosiri." Mfanyakazi mwaminifu atafurahi, kwa sababu kumbukumbu hizo zinamlinda yeye pia.

Maswali tunayotarajia kutoka kwenu

*Inatumia bando?* Kuipakua tu. Ikishakuwa kwenye kompyuta, hufanya kazi ndani ya mtandao wenu bila kuhitaji intaneti.

*Inafanya kazi kwa simu?* Hapana. Ni ya Windows pekee.

*Nikiona jina nisilolijua?* Usikimbilie kulifuta. Liandike, piga picha ya skrini, tenga kompyuta hiyo na mtandao, na usiitumie kwa malipo mpaka fundi unayemwamini aikague.

*Je, inatosha kunilinda?* Haitoshi peke yake. Kinga kubwa zaidi ni kugawanya kazi: mmoja aandae malipo, mwingine ayaidhinishe kwa kifaa chake. Hapo hata nenosiri moja likivuja, pesa haitoki.

Fanya haya wiki hii

- Tengenezea kila mfanyakazi akaunti yake ya Windows.
- Futa manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye brauza.
- Pakua PsLoggedOn kutoka Microsoft na uijaribu siku ambayo mambo ni shwari, ili ujue hali ya kawaida inaonekanaje.
- Sahihisha saa za kompyuta zote.
- Ondoa programu za kushika kompyuta kutoka mbali ambazo hujui nani aliziweka.

Usingoje mpaka pesa ipotee ndipo uulize nani alikuwa ofisini. Jioni hii kabla ya kufunga duka, kalia kiti kile, iendeshe mara moja, uone majina mangapi yatatokea. Kama yatatokea mengi kuliko watu waliobaki dukani, umepata kazi yako ya kesho asubuhi.